Alama ya Kosa Kwenye Jina

Mwaka nilioanza kazi ya ualimu nilipangiwa shule ya msingi katika kijiji kimoja mbele ya Michenga, kwenye mbuga ambayo masika yakikolea huwezi kujua mto umeishia wapi na mashamba yameanzia wapi. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu. Nilitoka kwetu Kisawasawa na sanduku la bati, godoro la sufi, na kauntabuku mbili ambazo sikumwambia mtu zina nini. Ndani yake nilikuwa naandika hadithi.

Hadithi ilihusu mjane anayenyang'anywa shamba la mpunga na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Hakuna aliyenisimulia. Niliitunga mwenyewe, ingawa mambo ya namna hiyo yalikuwa yanatokea bondeni kote na mtu asingehitaji akili nyingi kuyatunga. Maneno yalinijia vizuri tu. Kilichonishinda ni majina.

Nilikaa nyumba moja na mwalimu wa hisabati, mwanamke aliyenizidi miaka kama ishirini. Nilimwita Dada. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mazoea ya kukutazama kidogo kabla ya kujibu hata salamu. Siku moja nilijikaza nikampa sura ya kwanza aisome. Alisoma huku anachambua mchele kwenye ungo, akigeuza kurasa kwa kidole kisicho na vumbi la pumba.

"Mdogo wangu," akasema, "huyu shemeji umempa jina la mwenyekiti wa kijiji."

"Jina la mwenyekiti mimi silijui, Dada. Kila mtu anamwita Mwenyekiti."

"Sasa umelijua. Futa."

Nikafuta. Jina la pili likawa la mzee mmoja wa kanisa ambaye, kumbe, alikuwa kweli na mgogoro wa shamba na mke wa marehemu kaka yake. La tatu lilikuwa la fundi baiskeli wa pale njia panda. Kila nilipobadilisha, Dada alimtambua mwenye jina. Mara ya tatu aliweka ungo chini, akanitazama.

"Una hakika hakuna mtu anayekuletea habari?"

"Hakuna."

"Maana una miezi minne tu hapa."

Niliona hakuniamini. Kijijini, nilianza kutambua, hakuna jina linalozurura bila mwenyewe. Ukilichukua, kuna mtu utakuwa umemshika shati.

Ndipo nikanunua daftari dogo lenye jalada jekundu na kuanza kukusanya majina ya mbali. Jumamosi nilikwenda Ifakara kwa mahitaji, na nikishamaliza sokoni niliendelea hadi kivukoni, nikakaa na watu wanaosubiri pantoni. Pale walipita wakulima, wauza perege wabichi, wafugaji waliotoka Usukumani, vibarua wa mashamba ya miwa wanaorudi makwao likizo. Niliwasalimia, tukazungumza, nikawauliza majina yao na sababu ya kupewa. Nilimpata mwanamume aliyeitwa Mafuriko, aliyezaliwa juu ya dari mama yake akisubiri maji yapungue. Nilipata Semeni, ambaye mama yake alichoka kusengenywa. Nilipata Siamini, mtoto wa saba baada ya sita kufa. Nilipata hata Pantoni mwenyewe, mwanamke mzima mwenye wajukuu, na hakuona ajabu yoyote katika hilo.

Bibi mmoja alikataa. Nilikuwa nimempa shikamoo na kumsaidia kufunga mzigo wake wa mikeka. Nilipouliza jina aliuliza kwanza langu, nikamtajia. Akaangalia kalamu.

"Mimi lako sijaliandika mahali," akasema. "Kwa nini wewe langu uliandike?"

Nilicheka, nikadhani ni maneno ya uzee. Leo naona alikuwa mtu pekee kivukoni aliyeuliza swali la maana.

Mimi ni mwalimu, kalamu nyekundu haikuwa mbali. Nilipofika nyumbani nilipitia majina moja moja nikiyajaribu kwa watu wangu wa hadithi. Jina lililofaa niliweka alama ya vema. Lisilofaa niliweka alama ya kosa, mistari miwili inayokatana, kama ninavyofanya kwenye madaftari ya wanafunzi.

Kisha mwalimu mkuu akaniomba nimsaidie nesi siku za kliniki ya watoto. Kliniki ilifanyika mara moja kwa mwezi, kwenye baraza la ofisi ya kijiji. Mzani ulitundikwa kwenye boriti, watoto wanapimwa wakilia, nami nikijaza kadi. Ilikuwa kama kupewa ghala zima. Majina ya watoto wachanga ni mapya kabisa, mengine yana wiki mbili tu duniani. Kila nilipopata nafasi niliyanakili kwenye daftari jekundu. Hakuna aliyeniruhusu, wala sikumwomba mtu. Nililiweka chini ya kadi, na jambo hilo peke yake lingetosha kunionya kwamba nafanya kitu nisichotaka kionekane.

Ulikuwa wakati wa kujiandaa na uchaguzi wa vyama vingi, wa kwanza kwa watu wa umri wangu. Watu walikuwa wanapimana. Wanaume waliozoea kucheza bao pamoja walianza kukaa mabenchi mawili. Katika hali hiyo, mwalimu mgeni anayeandika majina ya watu kwenye daftari alikuwa kitu cha kutafsiriwa, na tafsiri hazikuchelewa. Nilisikia kwamba naandikia upande mmoja wanachama wa upande mwingine. Nilisikia pia kinyume chake. Wafugaji waliambiana kwamba ni orodha ya watakaohamishwa mbugani. Haya yote alinieleza Dada, bila kuniambia yeye anaamini lipi.

Mama muuza maandazi, ambaye zamani alinisimamisha kuniuliza hali ya nyumbani, sasa alinihudumia haraka na kugeukia sufuria yake. Shuleni nilikuwa naita majina ya darasa la tatu asubuhi, msichana mmoja aliyekaa mbele yangu kabisa akanyamaza. Nikaita tena. Akanyamaza, ananitazama.

"Hujasikia jina lako?"

"Nimesikia, Mwalimu."

"Mbona huitiki?"

"Mama amesema nisiitike ukiwa umeshika kalamu."

Darasa halikucheka. Hilo ndilo lililonishtua. Watoto arobaini na kitu walikuwa wanasubiri waone nitafanya nini na ile kalamu. Niliiweka mezani nikaita tena, akaitika.

Wiki hiyo hiyo mtoto mmoja alifariki kwa homa. Alikuwa mvulana wa miezi mitano. Mimi ndiye niliyejaza kadi yake kliniki ya mwezi uliotangulia, na nilimkumbuka kwa sababu aling'ang'ania mkanda wa mzani asitake kushuka. Tulikwenda msibani walimu wote. Niliketi kwenye mkeka na wanawake, na baada ya muda nikagundua kuwa pande zote mbili za nilipokaa pamebaki nafasi ambayo mtu angeweza kulala. Waliokuja baadaye walijibana kwingine. Dada alikuwa upande wa pili wa mkeka. Aliiona ile nafasi, na hakuja kuijaza.

Kliniki iliyofuata nilisaidia kama kawaida, nikaandika kwa haraka kwa sababu akina mama walikuwa wachache. Siku mbili baadaye nilitaka kuendelea na hadithi. Nikainua godoro, mahali nilipokuwa naficha daftari jekundu. Halikuwepo.

Nilipekua chumba chote, nikapekua tena. Nilipomaliza nilikuwa tayari na mtu wa kumshuku. Nani mwingine aliyejua daftari linakaa wapi? Nani aliyesoma sura yangu ya kwanza akauliza nani ananiletea habari? Nani aliniletea kila uvumi, kana kwamba alikuwa anapita mwenyewe kuukusanya? Nilijumlisha mambo hayo na kila moja likakaa mahali pake. Sikukumbuka hata mara moja kwamba huyo huyo ndiye aliyenichotea maji wiki mbili nilipougua malaria.

Mchana, Dada alipokwenda kisimani, niliingia chumbani kwake. Sanduku lake halikuwa na kufuli. Nilitoa khanga zake moja moja, nikatoa vyeti vyake ndani ya bahasha ya kaki, picha ya mwanamume aliyevaa suti ambaye sikuwahi kumsikia akimtaja, mfuko wa karanga, nguo ya mtoto mchanga iliyokunjwa zamani hadi mikunjo imegeuka rangi. Nilikuwa nimeishika ile nguo nilipohisi mtu mlangoni. Alikuwa amesimama na ndoo kichwani, maji yanamtiririka shingoni.

Aliishusha ndoo kwanza.

"Umepata jina gani humo?" akauliza.

Nilisema natafuta daftari langu. Nilisema limepotea. Nilisikia sauti yangu ikieleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa sauti ya mwizi.

"Rudisha kila kitu kama kilivyokuwa," akasema. "Nguo hiyo uikunje kwenye mikunjo yake."

Nilikunja. Alisimama akinitazama mpaka nilipofunga mfuniko.

Kesho yake asubuhi mgambo alikuja shuleni na karatasi ya afisa mtendaji. Naitwa ofisini, nifike bila kuchelewa. Mwalimu mkuu aliisoma, akaniruhusu, wala hakujitolea kunisindikiza.

Ofisini nilimkuta mtendaji, mwenyekiti, nesi, na wanawake wawili kwenye benchi la ukutani. Mmoja alikuwa mama wa yule mtoto aliyefariki. Mwingine alikuwa mama yake mzazi, bibi wa mtoto. Juu ya meza lilikuwapo daftari langu jekundu.

"Hili ni lako, Mwalimu?" mtendaji akauliza.

"Ni langu."

"Kazi yake?"

"Ni majina ya hadithi. Naandika hadithi, naokota majina ya watu wa kutunga."

Mwenyekiti aliguna. Mtendaji alifungua ukurasa aliokuwa amekunja pembe, akanigeuzia.

"Majina haya si ya kutunga. Haya ni ya watoto wetu. Na haya mengine yana alama. Hii ni alama gani?"

Niliangalia kidole chake kilipo. Lilikuwa jina la yule mtoto. Kando yake palikuwa na mistari yangu miwili myekundu inayokatana. Kwangu siku zote ilikuwa alama ya kosa. Pale mezani, mbele ya wale wanawake, niliona kwa mara ya kwanza kwamba ni msalaba, wa namna ile ile unaochomekwa kwenye kaburi.

"Ni alama ya kosa," nikasema. "Maana yake jina halikufaa."

Mama wa mtoto alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Akakiinua.

"Halikufaa nini?"

"Halikufaa kwenye hadithi, mama."

"Lina ubaya gani?"

Ningeweza kudanganya. Nilifikiria kudanganya, na naamini ningesema neno lolote la kujikinga kama asingekuwa ananitazama vile, bila hasira, kama mtu anayetaka tu kujua.

"Halina ubaya," nikasema. "Nilikuwa natafuta jina la mtu katili, anayemdhulumu mjane. La mwanao lilikuwa zuri mno. Halikumkaa."

"Kwa hiyo ulilijaribu," akasema.

"Ndiyo."

"Ulimvalisha mtu mbaya jina la mwanangu, ukaona halimtoshi, ukalitupa."

Nesi alitazama dirishani. Nimeshafundisha lugha miaka mingi sasa, na sijawahi kumsikia mtu akieleza kazi ile kwa usahihi kama yule mama, ambaye hata ukurasa wenyewe hakuweza kuusoma.

Mtendaji alitaka ushahidi kwamba hadithi ipo. Mgambo akanisindikiza hadi nyumbani kuchukua kauntabuku, akasimama mlangoni kwangu kana kwamba ningetoroka dirishani. Niliporudi walinitaka nisome. Nikasoma kwa sauti, nimesimama, kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Nilisoma jinsi mjane anavyokwenda shambani alfajiri akakuta mipaka imelimwa. Nilisoma jinsi shemeji anavyomwambia kwamba aliolewa na mtu, hakuolewa na ardhi. Mahali penye majina niliruka, nikasema tu mjane, shemeji, mtoto. Mwenyekiti alisikiliza akiwa amekunja mikono, na kila shemeji alipozungumza alinitazama zaidi.

Nilipofika mwisho wa kauntabuku ya kwanza bibi akauliza, "Shamba analipata?"

"Sijafika huko, bibi."

"Huyo mama anaitwa nani?"

"Bado hana jina."

"Mwache hivyo hivyo," akasema. Kisha akamgeukia mtendaji. "Mimi nimesikia. Atupe jina letu twende."

Mtendaji hakuelewa. Alidhani wanataka daftari lote, akaanza kueleza habari za taratibu. Mama wa mtoto akasema hapana, jina la mwanawe tu. Ukatafutwa wembe kwenye mtoto wa meza. Nililikata jina mimi mwenyewe, kipande chembamba cha karatasi pamoja na alama yake nyekundu, wembe ukapita hadi ukakwaruza meza. Alikipokea, akakifunga kwenye pindo la khanga, wakaondoka. Aliniomba nisilitumie jina lile tena mahali popote. Sijalitumia, na hapa silitaji.

Daftari lenyewe mtendaji alilifungia kabatini, kwa usalama, alisema. Usalama wa nani hakueleza. Sikurudishiwa.

Nje, nesi alinifuata hadi kwenye uzio.

"Ni mimi niliyempa mtendaji daftari lako," akasema. "Nilikuta umelisahau kwenye benchi siku ya kliniki. Nikafungua nijue la nani, nikaona jina la marehemu lina msalaba. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nilimwambia ningefanya vile vile. Nilikuwa namfikiria Dada. Hakuna aliyeinua godoro langu. Hakuna aliyeiba kitu. Mimi nililisahau kwenye benchi, kisha nikaenda kufungua sanduku la mtu.

Nilimwomba msamaha jioni ile tukiwa jikoni, yeye anapuliza moto. Nilimweleza yote, hata mambo niliyojumlisha kichwani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia," akasema.

Tulikula pamoja kama kawaida. Mwisho wa wiki alirudi kutoka Ifakara na kufuli jipya. Aliliona jicho langu.

"Si kwa ajili yako," akasema.

Tulikaa nyumba ile mwaka mmoja na nusu zaidi, tukapikiana, tukauguzana, na kufuli halikutoka kwenye sanduku mpaka alipohamishwa. Habari za ile nguo ya mtoto hakunieleza, nami sikustahili kuuliza.

Kijijini mambo yalipoa polepole. Uchaguzi ulipita, mabenchi ya bao yakarudi kuwa moja. Yule msichana wa darasa la tatu aliendelea kuangalia mkono wangu kabla ya kuitika, hata alipofika la tano.

Hadithi niliimaliza. Sikumpa hata mtu mmoja jina. Mjane alibaki mjane, shemeji alibaki shemeji, na niliona hakuna tena wa kunishika kwa lolote. Mwishoni mwa miaka ile ya tisini mwalimu mmoja Ifakara aliipiga chapa kwenye stensili, zikatoka nakala kiasi kwa ajili ya shule za bondeni, watoto wapate kitu cha kusoma. Nyingine zilipanda treni hadi Mlimba na kwingineko ambako sijawahi kufika.

Miezi michache baadaye, saa za mchana, mwanamume nisiyemjua alifika nyumba ya walimu. Alikuwa wa makamo, amevaa shati safi lililopigwa pasi, viatu vina tope la safari. Nilimwamkia, akaitikia, nikampa kiti. Alitoa ndani ya mfuko wa nailoni nakala ya hadithi yangu, imeviringishwa.

"Ni wewe uliyeandika hii?"

"Ni mimi."

"Mimi natoka Masagati," akasema. "Nimekuja kukuuliza nani alikupa habari zangu."

Nilimwambia simjui. Nilimwambia Masagati sijafika, na hadithi nilianza kuitunga hata kabla sijaanza kazi.

"Mwanangu ameisoma shuleni," akasema. "Amerudi nyumbani ananitazama. Mke wa marehemu kaka yangu amesomewa. Kijiji kizima wameisoma."

"Lakini mzee wangu, humo hakuna jina la mtu."

"Ndiyo," akasema. "Hukuandika jina, kwa hiyo wameweka langu."

Niliingia ndani nikamletea maji. Alikunywa, akarudisha kikombe, akaniuliza tena, safari hii kwa upole, kana kwamba upole ungenifungua mdomo, ni nani kati ya ndugu zake aliyekuja kwangu. Nikamjibu tena kwamba hakuna. Nilitaka kumuuliza kama lile shamba amelirudisha, lakini sikuwa na haki ya kujua kwamba lipo.

Alikaa mpaka karibu na saa ya gari la kurudi Ifakara. Alipoondoka aliniachia ile nakala juu ya kiti. Pembezoni mwa kurasa, kwa penseli, kila shemeji aliposema neno, mtu alikuwa ameandika kwa mwandiko wa kitoto jina moja lile lile.